Bunduki Moja ya Kazi Zote

Tulimzika shemeji yangu Yeremia mwezi uliopita, na mvua ilitunyeshea pale kaburini mpaka mchungaji akafupisha sala. Mimi nilikaa chini ya turubai mstari wa mbele, mahali pangu, maana katika watu wa rika lile nimebaki peke yangu, na meno yangu ninayo, na kahawa yangu bado naichuma kwa mikono yangu. Mjukuu wake akasimama kusoma habari za marehemu. Akasoma ubatizo, akasoma uzee wa kanisa, kisha akafika mwaka ule. Akasoma kwamba mdogo wa marehemu, Zakaria, ambaye ndiye mume wangu mimi, aliuawa na mbogo kwa sababu duka la mjini Arusha liliwauzia risasi za uongo, na kwamba marehemu Yeremia aliifuata haki ya ndugu yake kwa ujasiri. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Hawa wenye maduka, hawajaanza leo!" Nilikuwa na sahani ya pilau mapajani. Nikaishusha kwenye majani. Zaidi ya miaka sitini nimeyasikia maneno hayo na nimekula juu yake, lakini siku ile sikula. Basi nitasema mimi, niliyekuwepo, na mwenye kukasirika na akasirike.

Ulikuwa mwaka wa tatu baada ya vita, Mwingereza bado yuko kwenye boma lake, nami nina mwaka mmoja wa ndoa na mimba ya kwanza. Nyumba zetu zilikuwa za mwisho juu mlimani, pale kahawa inapokwisha na msitu unapoanza, na kila tulichopanda tulikula kwa kugawana na wanyama. Nguruwe walichimba magimbi, nyani wakavunja mahindi, na mbogo walishuka kunywa kwenye mfereji wetu kama vile walishiriki kuuchimba. Asubuhi moja Mama Anaeli, mke wa Mzee Nderingo jirani yetu, alikwenda kuchota maji. Nilikuwa nyuma yake, hatua kama kumi na tano, nimebeba debe langu. Mbogo mmoja dume alitoka kwenye migomba bila hata kukohoa. Alimwinua mara tatu. Mara ya kwanza yule mama alipiga kelele. Mara ya pili alimwita mumewe kwa jina, jina ambalo kwetu mke halitamki mpaka anakufa. Mara ya tatu alikuwa kimya, na mbogo akaendelea kufanya kazi peke yake, anamkanda pale chini kwa paji la uso kama mtu anayekanda udongo wa kujengea. Tulimkusanya kwenye kanga mbili. Mgomba mmoja ulibaki na nywele zake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuzibandua, mpaka Mzee Nderingo mwenyewe akaukata mgomba wote na kuuzika.

Baada ya msiba huo wanaume walikwenda bomani, wakakaa kwenye majani siku mbili, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akawapa kibali. Bunduki moja. Moja kwa mteremko wote, na iandikwe jina la mtu mmoja anayejua kusoma. Aliyejua kusoma ni Yeremia. Ndipo ugomvi ulipoanza, maana bunduki ziko za namna nyingi, na sisi tuliambiwa tuchague moja ya kutufaa kwa kila mnyama, wa kuruka, wa kuchimba na wa kuua.

Walikaa kwenye chumba cha mbele cha Yeremia, chumba pekee cha upande wetu chenye dirisha la kioo, na alilipenda dirisha lile kiasi kwamba wageni wote walikalishwa wakilitazama. Mimi na Mama Eliya, mke wa Yeremia, tulikuwa jikoni na chungu cha machalari ya ndizi, na mlango uko wazi. Zakaria alikuwa amerudi kutoka Burma na kovu la shingoni na tabia ya kusema kwa amri. "Raifali," akasema. "Risasi moja, mnyama mmoja. Mbogo si kware." Yeremia akamjibu taratibu, kwa ile sauti yake ya kutoa matangazo kanisani: "Na nyani arobaini wakishuka kwenye mahindi, utawapiga risasi moja moja kama unagawa sakramenti? Tuchukue ya marisau, yenye mitutu miwili. Inapiga ndege, inapiga nguruwe, na ziko risasi zake nene za mnyama mkubwa." Mzee Nderingo alikuwa hajanyoa tangu mazishi. Alitaka gobore, kama alilokuwa nalo baba yake. "Gobore unalilisha chochote. Misumari, kokoto, jino la marehemu." "Na linakulipukia usoni," akasema Zakaria. "Uso wangu una kazi gani sasa?" mzee akamjibu. "Nyinyi mnaongea habari za nguruwe. Mimi nataka bunduki ya yule mmoja tu." Mama Eliya, ambaye hakuweza kuvumilia kimya hata kwenye maombi, akatoa kichwa jikoni akasema, "Mnachagua bunduki kama mnavyochagua mke. Alime, apike, azae, na akilala asikorome. Hakuna!" Wakacheka, hata Mzee Nderingo kidogo, na nilipoingia na sinia Zakaria akasema, "Huyu wangu hakoromi." Nikaona fahari. Nilikuwa msichana, na fahari yangu ilikuwa ya bei rahisi.

Tulishuka mjini kwa miguu, wanaume watatu mbele, mimi nyuma na ndizi za kupeleka sokoni. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja, lakini mzee mwenyewe alikaa tu kwenye kiti chake akinywa chai. Aliyejua bunduki ni karani wake Salimu, mtu wa Pwani, mweusi kama sisi, mwembamba, kofia nyeupe. "Shikamoo mzee," alimwamkia Mzee Nderingo kwanza, na jambo hilo lilimpendeza. Walipomweleza haja yao alicheka bila dharau. "Moja ya kila kitu? Mzee wangu, hata Mungu hakuumba mnyama mmoja wa kila kitu. Ng'ombe hatagi." Zakaria akamwambia alete raifali. Salimu akaileta, akaiweka juu ya meza, akauliza, "Mashamba yenu yakoje? Mnaonana nyumba kwa nyumba?" Yeremia akasema migomba imesongana, huoni hatua ishirini. "Basi risasi ya hii ikikosa mbogo itapita migomba yote na kwenda kumtafuta mtoto wa jirani anayekunywa uji. Kwenu mnataka kitu cha karibu." Hapo akaleta ile ya mitutu miwili, imepakwa mafuta, inang'aa kama mchanga wa mtoni. Zakaria alikunja uso lakini aliipokea, akaifungua, akachungulia ndani, nami nikaona bega lake limekubali kabla ya mdomo wake.

Halafu Salimu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Aliniona mlangoni na mkungu wangu, akasema, "Shemeji, njoo uishike na wewe." Yeremia akasema wanawake hawashiki. "Ashike, mzee. Itakaa nyumbani mwa nani? Nani ataifagilia chini? Wanaume wanapoteza hata vidole vyao, mwenye kutunza ni huyu." Nikaishika. Ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Salimu akaniwekea risasi kiganjani, moja nyekundu, moja ya kijani, nene kama vidole gumba viwili, magamba yake ya karatasi ngumu. "Nyekundu ndani yake ni chembechembe, za nguruwe na nyani. Ya kijani ina donge moja la risasi, ya mbogo. Hata asiyejua kusoma anajua rangi. Nyekundu mtutu wa kulia, kijani wa kushoto. Akija yule mkubwa, weka kijani kote kote. Na adui wa hizi ni mmoja, shemeji. Maji. Karatasi ikilowa inavimba, haiingii." Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha mlimani kwamba mimi nimetunza mbegu za watu tangu utotoni na hakuna iliyooza. Akasema, "Basi nimefika kwa fundi." Nilitoka dukani nimerefuka.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa ya damu na shibe. Zakaria aliua nguruwe mpaka tukachoka kuwachuna. Alipiga nyani wanne kwa mlio mmoja, akawatundika kwenye mpaka wa shamba kwa mikia, na wenzao wakakaa msituni wakilia kama watu. Watoto wa mteremko wote waliota mashavu. Mbogo yule hakuonekana, lakini kila jioni Mzee Nderingo alipita kwetu, anauliza, "Hajaja?" Zakaria anamjibu, "Hajaja, mzee," naye anakaa kidogo kwenye kigogo cha mlangoni, anaitazama bunduki ukutani, anaondoka. Kisha masika yakashuka. Mlimani kwetu masika si mvua tu, ni ukungu unaoingia mpaka ndani ya mablanketi, chumvi inageuka maji kwenye kibuyu. Siku moja Zakaria alitaka kupiga nguruwe, risasi ikagoma kuingia. Akajaribu nyingine, ikagoma. Zilikuwa zimevimba zote kwenye mfuko wake ukutani. Alinipiga kofi mbele ya Mama Eliya na mbele ya Mzee Nderingo. "Uliambiwa maji! Nilikupa kazi moja tu!" Mimi sikulia. Nilijiambia, nitamwonyesha huyu.

Na hapa ndipo lilipo kosa, nalo ni kosa la mwanamke wa Kimeru na la mwingine yeyote sidhani. Kwetu kitu chochote kilicholowa kina dawa moja, nayo ni dari. Juu ya mafiga kuna dari ya miti, moshi unapanda hapo mchana na usiku, na chochote unachoweka hapo kinakauka na mdudu hakigusi: mahindi ya mbegu, maharage, ngozi, kuni za masika. Nikatandaza risasi zile kwenye ungo, nikauweka darini, pembeni ili moto usizifikie. Nilizigeuza kila siku kama ninavyogeuza mbegu. Baada ya wiki tatu nikazishusha. Zilikuwa ngumu, kavu, nikaijaribu moja kwenye mtutu wakati Zakaria hayupo, ikaingia kwa wepesi. Lakini zilikuwa nyeusi. Zote, juu na chini, hata kikaratasi cha kichwani. Nilipoisugua moja kwa kitambaa masizi yalitoka pamoja na rangi, chini yake karatasi ya hudhurungi. Nikasugua nyingine, hivyo hivyo. Nilikaa na ungo mapajani, sijui tena ipi ni ipi.

Ningemwambia. Ningekula kofi la pili, tungeshuka mjini, Salimu angezifungua na kuzitambua, basi. Lakini mimi nilikuwa fundi, nilishasifiwa dukani. Nikaziweka sikioni moja moja nikazitikisa. Nyingine zililia kama njegere kwenye kibuyu, nikasema hizi ni nyekundu. Nyingine zilikuwa kimya, nikasema hizi ndizo za donge moja, za kijani. Za kimya nikaziweka kwenye kopo la chai, zenye kulia kwenye mfuko. Nilijiona nina akili kushinda wanaume wote watatu. Sikujua kwamba chembechembe zikilowa na kukauka zinaweza kushikana na karatasi zisilie kabisa. Nilijua baadaye. Zakaria aliporudi nilimwonyesha kopo na mfuko, nikamwambia nyekundu humu, kijani humu. "Mbona nyeusi?" "Moshi tu." Akanishika kidevu. "Mke wangu," akasema, na kwa Zakaria hayo yalikuwa maneno mengi.

Mbogo alikuja asubuhi ya Jumamosi, jua limetoka, umande bado. Mzee Nderingo ndiye aliyepiga ukelele kutoka mfereji ule ule. Zakaria aliruka na bunduki, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama: "Za kijani!" Nilitoa mbili kwenye kopo nikamtia kiganjani. Mkono wangu huu wa kulia. Nilimfuata mpaka ukingo wa kahawa. Mbogo alikuwa amesimama kwenye maji, mdomo unadondosha, na Zakaria akafanya kama alivyofundishwa vitani: alikwenda polepole, akapiga goti, akangoja ainue kichwa. Walikuwa na hatua kumi kati yao. Akapiga, akapiga tena. Mbogo akatikisa uso kama aliyemwagiwa mchanga. Basi. Jicho moja lilikuwa limepasuka na linatiririka, na kwa jicho la pili alimwona mume wangu vizuri. Zakaria aliweza kusimama, akaigeuza bunduki ashike mtutu apige kwa kitako. Pembe ilimwingia chini ya mbavu na kutokea kando. Alitembea naye kichwani, akamgonga kwenye mti wa mringaringa mara mbili, nikasikia mifupa, ni sauti kama ya kuni mbichi. Yeremia akatokea na mkuki, na Mzee Nderingo na panga, na mwanawe Anaeli na shoka, wakamwangukia yule mnyama wote watatu kwa pamoja, wanakata miguu, wanakata macho, wanakata chochote, wanalia huku wanakata. Alipokwisha kufa Mzee Nderingo aliendelea. Tuliona nyama tu inaruka.

Tulimlaza Zakaria juu ya mlango wa Yeremia, ule mlango wa mbao mzuri, tukaanza kushuka kwenda hospitali ya misheni. Nilitembea ubavuni nimeshikilia kanga mahali ambapo tumbo lilikuwa. Kwenye kahawa ya chini akafumbua macho. "Ndeshi. Ulinipa zipi?" Nikasema, "Za kijani." Akanitazama. Alikuwa askari, alijua risasi inafanya nini kwenye uso wa mnyama, na alikuwa ameuona uso ule kwa karibu kuliko sisi sote. "Za kijani," nikasema tena. Tulipofika barabarani tulikuwa tumebeba maiti.

Yeremia ndiye aliyerudi kumtazama mbogo. Uso wake ulikuwa na matundu madogo madogo kama chungio, na donge hata moja hapakuwa. Weusi wa magamba aliuhesabu kuwa moshi wa baruti. Jioni ya mazishi nilimsikia kupitia ukuta wa udongo, anaongea na Nderingo na Anaeli. "Wametuuzia nyekundu zilizopakwa kijani. Yule Mswahili wa dukani. Alimcheka Zakaria, mlimsikia. Ng'ombe hatagi!" Nderingo akasema, "Alituchagulia yeye. Zakaria alitaka raifali." Nilikuwa nimekaa kwenye majani makavu ya migomba, mjane hajanyolewa nywele, na kwa desturi yetu mjane hatoki nje ya uwanja mpaka siku ya nne anyolewe. Asubuhi na mapema nikawasikia wanaondoka wote watatu. Nilijua wanakwenda wapi.

Nilikaa. Nataka jambo hili lieleweke. Mama Eliya aliniletea uji, nikanywa, nikaomba kikombe cha pili. Tulipukuchua maharage. Nilijiambia watamtukana, watampiga fimbo mbili tatu, mtu mzima fimbo hazimwui. Na mimi nikisema nitarudishwa kwetu na tumbo langu, au nitauawa hapa hapa. Jua lilipanda likafika kizingitini. Maharage yakaisha nikaanza kuyachambua upya. Ndipo Mama Eliya akasema, huku anapepeta, kama mtu anayezungumzia mvua, "Anaeli jana alilinoa panga lile mpaka nikasikia meno yananiuma. Leo yule mtu ataeleza vizuri." Nikasimama. Alinishika kanga, "Hujanyolewa, we mwanamke, utatuletea mkosi!" Nikamwachia kanga mkononi nikaenda na iliyobaki.

Kutoka kwetu mpaka mjini ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mzima wa afya. Mimi nilikimbia, nikatembea, nikatapika, nikakimbia. Dukani wakaniambia Salimu hayupo, alikuja mtu kumwita arudi kwake, mtaa wa Kaloleni. Nilizifuata kelele. Ulikuwa uwanja wa nyumba ya kupanga, vyumba sita vinatazamana, na wanawake wanapiga mayowe kila mmoja mlangoni kwake. Salimu alikuwa chini. Mzee Nderingo amemkalia miguu. Yeremia, mzee wa kanisa, alikuwa amemaliza na rungu, na uso wa Salimu upande mmoja ulikuwa umefumuka, jicho halionekani lilipo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya ngazi ya mlango, umekanyagwa na Anaeli, na vidole vitatu vilikuwa vimelala pembeni kama vitu vilivyoanguka kapuni. Panga lilikuwa juu linarudi. "Huo ndio mkono uliotuuzia," Anaeli alikuwa akisema, "huo ndio." Nikapiga kelele kwa Kiswahili ili watu wote wasikie: "Ni mimi! Niliziweka darini! Rangi zilitoka! Nilimpa mimi!"

Panga lilibaki hewani. Yeremia akaniuliza kwa Kimeru nirudie, nikarudia yote, ungo, kopo, kutikisa sikioni. Mzee Nderingo aliteleza kutoka kwenye miguu ya Salimu akakaa chini, akaanza kujifuta mikono kwenye udongo. Salimu aliinua kichwa chake, damu inamtoka puani na mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa mmesikia?" Yeremia akanigeukia akanipiga rungu la bega, nikaanguka juu ya jiko la mtu. Angenimaliza, lakini mwanamke mmoja mnene alitoka na sufuria ya maharage yanayochemka akammwagia Anaeli mgongoni, na wenzake wakaja na michi na mawe ya kusagia, wakatutoa wote wanne mpaka barabarani kama mbwa walioiba nyama.

Tulirudi kwa miguu mpaka mto Nduruma. Hapo Yeremia alipiga magoti akaosha rungu, akaliosha muda mrefu, kisha akasema akiwa amenipa mgongo. "Ukisema wewe, mimi ni mzee wa kanisa niliyemlemaza mtu asiye na kosa. Nikisema mimi, wewe ni mke aliyemuua mumewe. Tufanyeje?" Akaligeuza rungu majini. "Kihamba cha Zakaria, nyumba na migomba yake, kitakuwa chako na cha huyo aliye tumboni. Hakuna atakayekurithi wala kukufukuza, nikiwa hai. Lakini duka ndilo lililokosa." Mzee Nderingo alikuwa anatazama maji. Nikasema, "Ndiyo, shemeji." Alitimiza neno lake mpaka mwezi uliopita, na mimi nikatimiza langu. Kihamba kile kimesomesha watoto na wajukuu, kimejenga nyumba ya matofali, mgomba wangu mmoja unatoa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Sikijutii. Mjane wa miaka kumi na tisa anayekataa shamba ni mjinga, na mimi sijawahi kuwa mjinga ila mara ile moja ya ungo.

Salimu hakwenda polisi. Mwafrika wa duka la bunduki akionekana kwenye kesi ya bunduki, hata akishinda, kazi imekwisha. Alimwambia tajiri wake kwamba alivamiwa na walevi. Haya aliniambia mwenyewe, maana nilikwenda. Nilikuwa nimejifungua na kutoka nje, mwanangu mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani, na kifuani ndani ya kanga nimekunja jani la isale. Sisi Wameru ukimkosea mtu kosa ambalo halina malipo unampelekea isale, na akilipokea hawezi tena kukataa kusamehe. Ila mwenye kulitoa lazima ataje kosa lake lote, asibakize hata punje, la sivyo ni jani tu. Nililichuma alfajiri nikijua nitataja nini. Si risasi. Risasi alikwisha kuzisikia.

Mkewe Mwanaidi alinikaribisha chumbani. Kitanda, pazia la maua, mkeka mpya, harufu ya iliki. Salimu alikaa ukutani, jicho moja limefungwa moja kwa moja, na alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, taratibu, hakutaka kusaidiwa, na hakumwaga. Alimtazama mtoto. "Ndiye yule aliyekuwa tumboni?" "Ndiye." "Siku ile ulikuja mbio naye kutoka kule kote?" "Mbio," nikasema. "Ulijua lini kwamba wanakuja kwangu?" Hapo mkono wangu ulikwenda kifuani, nikaligusa jani, lilikuwa na joto langu. Niliviona vile vikombe viwili vya uji. Nikamwambia, "Waliondoka kwa siri. Niliposikia tu, nikafunga kanga." Akatikisa kichwa muda mrefu, kisha akamwita mkewe kwa sauti, ingawa alikuwa pale pale pazia lilipo. "Mwanaidi, mtazame vizuri huyu. Angechelewa kidogo tu, ungekuwa mjane." Mwanaidi akapiga magoti akanishika miguu yote miwili. Nikainywa chai yote, jani liko kifuani. Waliponisindikiza, walikuja mpaka barabara kubwa, yeye na mkewe, na muda wote ule wa njia walikuwa wananishukuru.